Tatuu za kugongwa kwa mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vifaa, kazi yenyewe na kufufua nakshi za kale

Tatuu ya mkono ni ipi hasa?

Ni tatuu ambayo wino wake unaingia kwenye ngozi kwa nguvu ya mkono wa fundi, bila mota wala umeme. Ila "kwa mkono" si njia moja. Zipo nne, na wengi hupotea kwa kuzichanganya.

Kuna kugonga: kitana chenye meno makali hufungwa kwenye mpini, kisha mpini hugongwa kwa kifimbo. Ndivyo wafanyavyo Wasamoa, Wahawaii, Wakalinga wa Ufilipino na Waiban wa Borneo. Kuna kudunga: sindano zimepangwa kwenye ncha ya fimbo na fundi anazisukuma, kama tebori ya Japani na sak yant ya Thailand. Kuna kuchanja kwa wembe au kisu na kusugua masizi kwenye jeraha, njia ya Wamakonde. Na kuna kushona: sindano na uzi uliolowekwa masizi hupitishwa chini ya ngozi, njia ya Wainuit wa kaskazini ya mbali.

Ukurasa huu unakaa zaidi kwenye kugonga kwa Samoa. Huko kazi haikukatika hata wamisionari walipoipinga, na ndiko wengi wa visiwa vingine walikokwenda kujifunza upya.

Ni za kale kiasi gani?

Ötzi, maiti iliyokutwa mwaka 1991 kwenye barafu ya milima ya Alps, ana alama 61, na aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Karibu rika lake ni maiti mbili za Gebelein, Misri, zilizoko British Museum: mwaka 2018 ilitambuliwa kwamba doa lililokuwa likionekana mkononi mwa yule mwanamume ni picha ya fahali na kondoo wa mwitu.

Kwa upande wa vifaa, ushahidi mzuri unatoka Tonga. Vitana vinne vya mfupa vilivyochimbwa kisiwani Tongatapu vina umri wa miaka kama 2,700. Viwili ni vya mfupa wa ndege wa baharini, na viwili vinaelekea kuwa vya mfupa wa binadamu. Umbo lao halina tofauti kubwa na vya fundi wa Samoa wa leo. Neno lenyewe "tatuu" lina asili huko huko: Wazungu waliofika Tahiti na James Cook mwaka 1769 walilisikia *tatau*, wakaondoka nalo.

Kifaa cha Samoa kina sehemu gani?

Kinaitwa *'au*. Ukitaka kukielewa upesi, fikiria tezo ya fundi wa majahazi iliyofanywa ndogo kabisa: ubao wa makali umekaa karibu kwa pembe mraba na mpini. Meno yamechongwa kwenye kibao chembamba cha pembe ya nguruwe dume, yaani lile jino lake refu, au mfupa. Kibao hicho hufungwa kwenye kigae cha gamba la ng'amba, na kigae hufungwa kwenye mpini wa mti. Kifimbo cha kugongea kimezoeleka kufanywa kwa upongoo wa mnazi, kwa kuwa ni mwepesi na haurudishi mshtuko mkali mkononi.

Kigae kina kazi kubwa kuliko kinavyoonekana. Kinapanua sehemu ya kubebea wino, na kinanepa kidogo pigo linapotua, hivyo meno yanaingia na kutoka yenyewe. Kitana kilichofungwa moja kwa moja kwenye mpini mgumu huumiza zaidi na huchana ngozi kinapotoka.

Kwa nini fundi ana vitana vingi?

Kwa sababu upana wa kitana ndio upana wa alama. *'Au tapulu*, kipana kuliko vyote, ni cha kujaza maeneo meusi. *'Au sogi'aso* kipo cha mistari minene na cha mistari myembamba. *'Au fa'atala* ni cha vinakshi vidogo, na *'au mono* ni cha nukta. Kitana kipana kina makumi ya meno, kile cha nukta kina machache tu.

Hapa ipo hesabu ambayo mwanafunzi huisahau: nguvu ya pigo hugawanyika kwa idadi ya meno. Pigo linalofaa kwa kitana cha meno 40 litazamisha kile cha meno 5 hadi kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Kila ukibadilisha kitana, badilisha na uzito wa mkono.

Wino unatakiwa kufika wapi?

Kwenye ngozi ya kati, milimita 1 hadi 2 kutoka juu. Ukiishia kwenye tabaka la nje utaondoka na ngozi inayobanduka. Ukipita chini sana utasambaa na mstari utaota ukungu wa buluu pembeni.

Tahadhari na mfano wa Wamaori wa New Zealand: *uhi*, vifaa vyao vya kale, zilikuwa kama patasi, zilikata mfereji, na *moko*, tatuu yao ya usoni, ilibaki na mabonde unayoweza kuyapapasa kwa kidole. Hilo lilikusudiwa. Kwa tatuu ya Samoa ngozi inatakiwa kupona ikiwa laini.

Kwa nini fundi hafanyi kazi peke yake?

Mkono mmoja umeshika mpini, wa pili umeshika kifimbo. Ngozi ivutwe na nani? Wasamoa wana wasaidizi wanaoitwa *toso*, kwa kawaida wawili au zaidi, wanaokaa pande mbili za mtu aliyelala kwenye mkeka, wakinyoosha ngozi kwa viganja na kufuta damu kila baada ya mapigo machache.

Huu ndio moyo wa kazi, na ndio unaopuuzwa kuliko yote na wanaojifunza kwa kutazama video. Ngozi iliyolegea inadidimia chini ya kitana: meno ya pembeni yanagusa, ya katikati yananing'inia, na mstari unatoka na mapengo. Ikivutwa upande mmoja tu, mstari ulionyooka utapinda pindi ngozi inapoachiwa. Uvutaji uwe wa pande mbili zinazopingana, wenye nguvu sawa, na usibadilike katikati ya mstari. Msaidizi akichoka aseme, kazi isimame, abadilishwe. Ndiyo maana mwanafunzi wa kweli huanza kwa kuvuta ngozi, pengine miaka, kabla hajakabidhiwa kifimbo.

Wino wa asili ulitengenezwaje?

Samoa walitumia masizi ya kokwa za *lama*, mti wenye mbegu za mafuta mengi. Kokwa huchomwa chini ya jiwe au chombo kilichofunikwa, masizi yanayoganda juu hukwanguliwa, kisha huchanganywa na maji au mafuta hadi yawe mazito kiasi cha kushika kwenye meno bila kudondoka. Lama ni wa familia moja ya mimea na mbarika wetu, ambao ndio Wamakonde walioutumia. Watu wawili walio mbali namna hiyo walifikia jibu moja: mbegu yenye mafuta mengi hutoa masizi laini, na masizi laini hukaa sawasawa kwenye ngozi. Mkaa uliosagwa una chembe kubwa, hutoa rangi ya mabaka.

Leo mafundi wengi hutumia wino wa dukani uliotakaswa. Hatari kubwa haiko kwenye wino pekee, iko pia kwenye maji ya kuupunguzia makali. Mwaka 2011 watu 19 wa Rochester, New York, walipata maambukizi ya bakteria wa jamii ya kifua kikuu wanaoishi majini, kutoka kwenye wino wa kijivu uliokwisha kuchanganywa kabla ya kuuzwa. Maji ya bomba, hata ya kunywa, yasiingie kwenye wino. Tumia maji tiba ya sindano yaliyofungwa.

Pe'a na malu ni nini, na huchukua muda gani?

*Pe'a* ni ya wanaume, kutoka kiunoni hadi magotini, nyeusi kwa sehemu kubwa. *Malu* ni ya wanawake, kutoka juu ya mapaja hadi nyuma ya magoti, nakshi nyepesi zenye nafasi. Pe'a huanzia mgongoni, sehemu ya chini, na kumalizikia kitovuni. Hufanywa kwa vikao vingi vya saa kadhaa, ndani ya siku kumi hivi hadi wiki kadhaa. Malu huweza kumalizika kwa siku moja.

Mwanamume anayeacha pe'a njiani huitwa *pe'a mutu*, na aibu hiyo huibeba ukoo mzima. Kwa hiyo uamuzi hauwi wa mtu mmoja. Ukoo huandaa chakula, mikeka myororo ya *'ie toga* ya kumlipa fundi, na watu wa kumkanda na kumsindikiza mgonjwa.

Naweza kutengeneza kitana mwenyewe?

Cha mazoezi, ndiyo. Cha kutumia kwenye ngozi ya mtu, soma kwanza swali linalofuata.

Tumia mfupa wa muundi wa ng'ombe kutoka buchani. Uchemshe mpaka nyama na mafuta yatoke, uanike kivulini hadi ukauke kabisa. Mfupa wenye mafuta huteleza kwenye msasa na kutoa harufu baadaye. Kata kibao cha upana wa sentimita 1, kisugue kwa msasa hadi unene wa milimita 1.5 au 2. Toboa vitundu viwili vya milimita 1 upande wa juu kabla ya kuchonga meno, kwa kuwa mfupa hupasuka zaidi wakati wa kutoboa kuliko wakati wa kukata, na ni afadhali upasuke ukiwa bado hujapoteza jioni nzima kwenye meno.

Chonga meno kwa msumeno mwembamba wa sonara, yalingane, kisha yanoe kwa tupa ndogo pande zote mbili. Simamisha kitana juu ya kioo: ncha zote ziguse kwa pamoja. Jino moja likizidi nusu milimita, hilo ndilo litakalochimba peke yake na kuacha nukta za damu kwenye mstari mzima. Funga kwa uzi wa makumbi uliolowa, maana ukikauka hukaza. Kigae kiwe cha plastiki ngumu. Gamba la ng'amba usilitafute: kasa wote wa baharini wanalindwa na mkataba wa CITES, na biashara ya kimataifa ya magamba yao imepigwa marufuku. Vivyo hivyo jino la ngiri: kwa Tanzania ni nyara ya serikali, na kukutwa nalo bila kibali ni kosa la jinai.

Mfupa unaweza kutakaswa ukatumika kwa mtu mwingine?

Hapana. Mfupa una vitundu vidogo vinavyonyonya damu. Kwenye mtungi wa mvuke, nyuzi joto 121 kwa dakika 30, mfupa hupoteza utomvu unaoushikilia na meno huanza kumeguka, tena ndani ya ngozi. Kamba nazo hulegea. Kuchemsha kwenye sufuria hakuui mbegu za bakteria. Jiki haipenyi damu iliyoganda, na hula chuma. Kitana cha mfupa ni cha mtu mmoja: ama aondoke nacho, ama kichomwe.

Mafundi wengi wa leo, wakiwemo wa ukoo wa Sulu'ape wenyewe, mafundi mashuhuri wa Samoa, wamehamia kwenye meno ya chuma kisichoshika kutu na vigae vya plastiki au chuma. Hao hatuwezi kusema wameiacha mila. Umbo, pembe, mlio na wasaidizi ni vile vile, na mtu wa mwisho kwenye foleni anapata kifaa safi sawa na wa kwanza. Nchini New Zealand madaktari waliripoti mwaka 2005 wagonjwa waliopata maambukizi makali ya ngozi baada ya tatuu ya Kisamoa, na mwaka 2010 Wizara ya Afya ya huko ikatoa mwongozo mahususi kwa mafundi wa jadi. Nchi zetu zinaweza kujifunza hapo.

Wasaidizi nao wavae glovu na wachanjwe homa ya ini B, dozi tatu, kwa kuwa wao ndio wanaoshika damu kuliko fundi. Mikeka ifunikwe nailoni inayotupwa.

Wakalinga wana suluhisho zuri la asili. Meno yao ni mwiba wa mbalungi uliochomekwa kwenye kijiti. Mwiba haugharimu kitu, basi kila mtu na wake, ukishatumika unatupwa.

Ngozi nyeusi inafaa?

Inafaa sana kwa nakshi nzito nyeusi, na kugonga hutengeneza weusi mzito. Mistari myembamba kama nywele na vivuli vya kijivu havitaonekana vizuri, hivyo acha nafasi pana kati ya nakshi: nafasi ndiyo inayoonyesha umbo.

Tatizo ni makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, keloidi, ambayo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi. Angalia kovu la chanjo begani, matundu ya masikio, na kama ndugu wa damu wanayo. Aliye na keloidi asigongwe kifuani, mabegani wala shingoni, na kwa maoni yetu asigongwe kabisa.

Makosa gani hujitokeza zaidi?

Weusi wenye mabaka hutokana na wino kukauka kwenye meno. Chovya au paka kila baada ya mapigo machache, usingoje rangi ififie. Mstari wenye ngazi hutokea fundi anaporuka mbali: kila pigo lifunike sehemu ya pigo lililotangulia. Ngozi iliyochanika ina maana kitana kiliinama upande mmoja, au fundi alikiburuta kabla meno hayajatoka. Kupita mara ya tatu juu ya eneo lililokwisha kuvimba hakuongezi weusi, kunatoa wino ulioingia. Acha lipone wiki nne hadi sita, urudie.

Inauma kuliko mashine?

Maumivu yake ni mengine. Mashine huunguza bila kukoma. Kitana hupiga, hupumzika, hupiga. Wengi huona mkono unavumilika zaidi kwa saa za mwanzo, kisha uchovu wa mwili mzima huingia, hasa mbavuni na nyuma ya magoti.

Kidonda kitunzweje?

Kioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni isiyo na manukato mara mbili kwa siku, kikaushwe kwa kugusishwa kitambaa safi, kipakwe mafuta kidogo sana. Desturi ya Samoa ilikuwa kuoga baharini na kukandwa ili majimaji yatoke. Kukandwa kuna maana, bahari hapana: mwaka 2017 iliripotiwa huko Marekani mtu mwenye ugonjwa wa ini aliyekufa kwa bakteria wa majini baada ya kuogelea na tatuu mbichi. Subiri wiki tatu au nne. Homa, michirizi myekundu inayopanda, au maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nani amefufua kazi hii kwingineko?

Hawaii, Keone Nunes alijifunza vitana kwa Su'a Sulu'ape Paulo II wa Samoa miaka ya 1990, akairudisha *kākau*, tatuu ya Hawaii ya kugongwa. Kijijini Buscalan, Ufilipino, Whang-Od, fundi wa Kikalinga, aliwafundisha wajukuu wa ndugu zake, kwa kuwa kazi hiyo hurithiwa ndani ya damu, na mwaka 2023 akatokea kwenye jalada la Vogue Philippines akiwa na miaka 106. Kwa Wainuit wa Kanada, wanawake wamerudisha *kakiniit*, tatuu zao za jadi, kwa kushona na kudunga, wakiwauliza bibi zao wachache waliobaki.

Tazama tofauti zao. Hawaii ilibidi kuazima mkono kwa jirani na nakshi kwenye michoro ya kale. Kalinga walikuwa na fundi hai. Wainuit walikuwa na kumbukumbu tu. Anayetaka kufufua cha kwao ajiulize kwanza ana kipi kati ya hivyo vitatu.

Mtu asiye Msamoa anaweza kugongwa pe'a?

Wapo waliogongwa, tangu zamani. Fundi ndiye mwenye kauli. Lakini pe'a ni ahadi ya kuutumikia ukoo na kijiji, na anayeivaa bila ukoo wa kuutumikia ameivaa nusu. Kuna nakshi nyingi za mkono zisizo na masharti hayo. Mwombe fundi akutungie.

Dini inasemaje?

Waislamu walio wengi huikataza tatuu ya kudumu kwa hadithi ya Mtume inayomlaani mchanjaji na mchanjwaji. Wakristo wengine husoma Mambo ya Walawi 19:28. Samoa ni nchi ya Wakristo, na pe'a ipo. Aliye na shaka amwulize mwalimu wake wa dini kabla, si baada.

Piko la harusini ni tatuu?

Si tatuu, hukaa juu ya ngozi. Hina halisi haina shida kwa wengi. Piko jeusi linalochanganywa na rangi ya nywele lina kemikali ya PPD, ambayo huweza kuunguza na kuacha mzio wa maisha.

Na nembo za Wamakonde, zinaweza kufufuliwa?

*Dinembo* hazikugongwa. Fundi alichanja kwa kisu kidogo, *chipopo*, akasugua masizi ya mbarika, na kazi ilirudiwa zaidi ya mara moja hadi rangi ya buluu iliyokolea ishike na alama iinuke kidogo. Ni kovu na tatuu kwa pamoja. Kwa hiyo kununua kitana cha Samoa na kugongea nakshi za Kimakonde si kufufua, ni kuchora picha ya kitu kingine. Na kukata kwa kisu huleta hatari zaidi ya keloidi na ya damu kuliko kudunga, jambo ambalo lazima lizungumzwe wazi na anayetaka.

Upande wa Msumbiji, uwanda wa Mueda, FRELIMO iliikatisha tamaa desturi hii baada ya vita vya ukombozi kuanza. Leo wenye nembo usoni ni wazee, huko na kusini mwa Tanzania. Nakshi zipo pia kwenye vinyago vya mapiko, vinavyovaliwa kwenye ngoma za Wamakonde, ambako alama za usoni mara nyingi huwekwa kwa nta. Kinyago kimoja cha namna hiyo kiliibiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, na kilirudi mwaka 2010 kutoka jumba la Barbier-Mueller la Geneva.

Kabla ya kisu chochote, kazi ya sasa ni kwenda kwa mzee mwenye nembo, kwa heshima na kwa idhini yake. Piga picha kwa mwanga wa pembeni wa asubuhi au jioni, maana mwanga wa mbele hufuta uinuko wa chale. Weka rula ya sentimita kwenye picha. Andika jina la kila nakshi kwa Kimakonde kama alivyotamka, nani alichanja, alikuwa na umri gani, kwa kisu cha namna gani, na alipakwa nini siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Rekodi sauti. Mwachie nakala ya picha na rekodi, na nyingine waachie wajukuu.